Mguu wa Mgeni

Shemeji yangu hapimi injini kwa chombo. Huisimamia. Hufunga petroli, huweka gia huru, hukunjua kiki, halafu husimama juu yake kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri kuitwa mezani. Injini ikiwa nzima, kiki humbeba. Hubaki pale juu kwa muda, kisha kiki huanza kuteremka taratibu, kwa kinyongo, pumzi ikitoka silindani kidogo kidogo, mpaka mguu unafika chini. Hapo husema, "Inabeba," na mwenye pikipiki huenda zake. Injini ikiwa imechoka, yeye hushuka mara moja kama aliyekanyaga ngazi iliyooza, na kabla hajasimama sawasawa huwa ameshasema, "Ifunguliwe." Hukumu zake ni hizo mbili tu, na hazina rufaa.

Nazungumzia zile pikipiki za mipigo miwili, ambazo oili humiminwa tangini pamoja na petroli, zenye mlio mwembamba na moshi wa buluu nyuma. Kwingine zimeshasahaulika. Kwetu, penye vilima vingi na barabara chache, watu bado wanazing'ang'ania kwa sababu ni nyepesi na hazina mambo mengi ndani: pistoni inapanda na kushuka, ringi zake zinabana pumzi, basi. Ubaya wake ni kwamba zinachoka kimyakimya. Leo haina tofauti na jana, kesho haina tofauti na leo, na siku ikija kukataa mlima mwenyewe anaapa kwamba asubuhi ilikuwa nzima.

Mimi ni kaka wa mke wake. Nina duka la spea, ukuta mmoja na gereji yake, na kwenye ukuta huo tumetoboa kidirisha cha kupitishia vitu. Yeye akisema "Ifunguliwe," mimi nanyanyuka kwenda kwenye rafu ya pistoni na ringi. Wenye midomo wamesema sana kwamba tumekula njama. Wangetusikia tunavyogombana kwenye kidirisha kile wangetuonea huruma.

Jina lake halisi hakuna anayelitumia. Anaitwa Mizani, na jina lenyewe lilianza kwa mzaha. Ng'ambo ya barabara kuna duka la nafaka lenye mzani mkubwa wa magunia, na siku moja, akiwa kijana, wabeba magunia walimnyanyua mzimamzima wakamweka juu yake. Mshale ukasimama kwenye kilo themanini kamili. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, aliliona ni jambo la maana. Kuanzia hapo alijua kwamba anaposimama juu ya kiki, kilo themanini ndizo zinazouliza swali, na jibu la injini hii linaweza kulinganishwa na la ile. Miaka ikapita, nywele zikaondoka, uzito haukuondoka. Dada yangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ameolewa na gunia.

Alivyomwoa nako ni kisa. Alikuja nyumbani na wazee wake, wote wamevaa vizuri, na wakati wakubwa wakizunguka na maneno, macho yake yeye yalikuwa uani, kwenye pikipiki ya baba. Mazungumzo yalipokwisha salama alitoka, akaisimamia kiki bila ruhusa, akashuka mara moja, akamwambia mkwe wake mtarajiwa kwamba ifunguliwe. Baba alikasirika. Aliuliza kama kijana huyu amekuja kuposa binti au pikipiki. Haukupita muda pistoni ikashika njiani, baba akarudi kwa miguu, kofia mkononi, na hatukusikia tena pingamizi lolote kuhusu ndoa ile.

Ana kanuni mbili ambazo kila mteja ameshachoshwa nazo. Ya kwanza ni kwamba mwenye pikipiki haruhusiwi kupiga kiki ya pikipiki yake wakati wa kupimwa. "Wewe umeshazoea," humwambia. Maelezo yake ni kwamba pumzi ya injini haiibiwi yote kwa mpigo; inaibiwa chembe kwa chembe, na kila inavyopungua mguu wa mwenyewe nao unajirekebisha, mpaka kiki inakuwa laini kabisa na mwenye mali anaanza kujisifu kwamba pikipiki yake hata mtoto anaweza kuiwasha. Kwa hiyo baada ya yeye kuisimamia, humwita mtu mwingine yeyote aliye kwenye foleni, mguu wa mgeni, apige kiki na kusema anachokisikia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema kila mara, halafu hucheka peke yake kana kwamba methali hiyo ameitunga yeye.

Ya pili ni kwamba usimuulize mtu kama injini yake imechoka. Muulize anaegesha wapi. Injini iliyokwisha ringi huwaka asubuhi ikiwa baridi, lakini ikishapata moto inagoma mpaka isukumwe. Mwenyewe haambiwi na mtu, ila utamwona anaanza kupenda miteremko. Kulikuwa na seremala mmoja aliyekuwa akiiacha pikipiki yake juu kabisa, kwenye tangi la maji, na kushuka kwa miguu hadi kazini, akidai kwamba kutembea kunajenga mwili. Mizani alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba injini yake ilishakufa, anachofanya yeye ni kuisindikiza. Tuliifungua. Pistoni ilikuwa imebabuka rangi ya kahawia kuanzia kwenye ringi hadi chini, alama ya moto uliokuwa ukipenya pembeni, na ringi zenyewe zilikuwa nyembamba za kukata kidole.

Pistoni kama hizo hazitupi. Zimo ndani ya pipa chini ya meza yake ya kazi, kila aliyowahi kuitoa, zilizokwaruzwa, zilizotoboka, zilizoyeyuka kichwani. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamembembeleza mpaka wakachoka. Dada yangu aliwahi kumuuliza anamtunzia nani takataka ile. Alijibu kwamba hizo ndizo shahada zake. Dada akasema shahada za wenzake zinatundikwa ukutani, hazimuumizi mtu vidole anapofagia.

Basi mwaka mmoja nilianza kuona vumbi kwenye rafu ya ringi. Pikipiki zilikuja kama kawaida, Mizani alizisimamia kama kawaida, lakini kupitia kidirisha nilikuwa nasikia neno moja tu. Inabeba. Inabeba. Nyingine zilikuwa zinagonga kama njugu kwenye kopo, mimi mwenyewe nikizisikia kutoka dukani, lakini kiki ilimbeba, na kiki ikisema imesema. Miguu ya wageni ilipolalamika kwamba kiki ni nyepesi, aliwaambia hawana uzoefu. Nilimtania kwamba uzee umemletea huruma, na huruma yake itanifungia duka. Yeye alikuwa anakunywa maji.

Kuhusu maji sikuona ajabu. Jua lilikuwa kali na gereji ina paa la bati. Zamani alikuwa na kikombe, kikaja kuwa chupa, chupa ikaja kuwa dumu la njano, na kati ya pikipiki na pikipiki alikuwa akikatiza kwenda chooni nyuma ya nyumba. Dada yangu naye alikuwa amempunguzia suruali kiuno, kisha akazipunguza tena, huku akiwasema mafundi cherehani wa siku hizi kwamba hawajui kukata kitambaa. Tulikuwa tunamwona kila siku, na kila siku alikuwa yuleyule wa jana.

Aliyetuletea kishindo ni muuza maziwa. Huyu ni mtu mnene, mcheshi, ambaye kila asubuhi hupanda mlima kuchukua maziwa kwa wafugaji na kushuka na madumu makubwa yamefungwa ubavuni mwa pikipiki. Alikuwa ameileta akilalamika kwamba mlimani inamchokea. Mizani akaisimamia, ikambeba, akamwambia aende. Haikupita wiki akaja anaisukuma, shati limelowa jasho, maziwa yamechacha. Injini ilikuwa imekata pumzi katikati ya mlima, na kwa kuwa ilikuwa ya moto haikukubali tena kuwaka.

Mizani alifunga petroli akasimama juu ya kiki mbele ya watu wote waliokuwapo. Ikambeba. Alikaa pale juu muda wa kutosha kila mtu aone, kisha akateremka nayo polepole. Muuza maziwa akamwomba apishe, akapanda yeye, na kiki ikaenda naye chini kama imekatika.

"Wewe ni mzito," Mizani alisema.

"Uzito wangu ni wa siku zote, fundi," muuza maziwa akajibu. "Na zamani ilikuwa inanibeba."

Hakuna aliyecheka. Muuza maziwa alisema hana nguvu ya kuisukuma zaidi, akaiegesha kwenye pembe ya gereji, akafungua madumu yake akaondoka kwa miguu. Habari zikatembea. Wawili watatu wengine nao wakakwama njiani baada ya kuambiwa inabeba, na foleni ikaanza kuhamia kwa fundi wa darajani, mwenye kile kipimo cha pumzi chenye mshale ambacho unakifunga kwenye tundu la plagi.

Mizani akawa anakaa kwenye benchi anautazama mguu wake wa kulia kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemng'ata. Huyu ni mtu ambaye kazi yake yote, na heshima yake yote, ilikuwa ni maneno mawili, na sasa watu hawakuyaamini. Siku moja aliniuliza kupitia kidirisha kama naona kazi yake imekwisha. Nilimwambia kila fundi ana msimu wake. Akarudi kwenye dumu lake la maji.

Binti yao ni muuguzi. Anafanya kazi katika hospitali ya mbali, na kwa sababu ya zamu alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa muda mrefu. Alifika mchana, begi begani, akasimama mlangoni mwa gereji. Baba yake alikuwa amempa mgongo, amesimama juu ya kiki ya pikipiki ya mtu. Mimi nilimwona binti kupitia kidirisha nikataka kumwita, lakini uso wake ulinizuia. Alikuwa anautazama mkanda wa baba yake, ambao ncha yake ilikuwa imepita mbavuni na kukaribia mgongo, na shingo iliyokuwa inaogelea ndani ya kola. Kisha akamwamkia, akapokewa kwa furaha, akaulizwa habari za safari, akajibu zote inavyotakiwa. Baada ya hapo akaja dukani kwangu akaufunga mlango.

"Shikamoo mjomba. Baba amekonda hivi tangu lini?"

Nilimwambia baba yake hajakonda, yuko vilevile. Niliamini ninachosema. Hakubishana. Aliniuliza anakunywa maji kiasi gani, nikamwonyesha dumu. Aliniuliza kama anakwenda chooni mara kwa mara, nikaanza kujibu, kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Alipotoka kwangu alikwenda kumuuliza mama yake habari za suruali. Baba mwenyewe hakumuuliza kitu, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba binti huyu alikulia chini ya meza ile ya kazi, na kanuni zile mbili alizisikia kabla hajajua kusoma. Niliogopa. Juu ya hofu nikapata na hasira, nisijue nimkasirikie nani.

Jioni wakati wa chai alimwambia baba yake waende akapimwe. Mizani alisema yeye ni mzima, na anakula kuliko wote waliokaa pale, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alisema wauguzi wana maradhi yao ya kuona wagonjwa kila mahali. Dada yangu alipojaribu kuongeza neno aliambiwa chai yake inapoa.

Kesho yake binti alikuja gerejini, akamwambia baba yake wavuke barabara. Alimshika mkono, na mzee akavuka akidhani anakwenda kununuliwa kitu. Walipofika kwenye duka la nafaka alimwonyesha mzani wa magunia. Ulikuwa uleule, umepakwa rangi upya tu.

"Panda, baba."

Alipanda kwa kiburi, mikono kiunoni. Mshale uliinuka, ukapita hamsini, ukasita kwenye sitini na ushei, ukatulia. Aliusubiri uendelee. Aligeuka kutazama kama kuna mtu nyuma anayemnyanyua, maana wabeba magunia wa pale mzaha wameurithi. Hapakuwa na mtu. Akasema mzani wao umeharibika. Binti akawaomba wapandishe gunia, wakapandisha la maharage lililoandikwa uzito ubavuni, na mshale ukaenda moja kwa moja ulikotakiwa kwenda. Gunia likashushwa. Akapanda tena, safari hii taratibu, na mshale ukarudi palepale pa mwanzo.

Nilikuwa nimewafuata, nimesimama nyuma ya magunia ya mahindi, nikauona uso wake. Hakuwa anafikiria ugonjwa hata kidogo. Alikuwa anazikumbuka pikipiki.

"Zote," alisema. "Zote zile nilizosema zinabeba. Zilikuwa zinambeba mtu mwepesi."

"Tutaziita tena, baba. Kwanza wewe."

"Mimi najisikia mzima."

"Mwenye pikipiki hapigi kiki," binti alisema. "Si ndivyo ulivyonifundisha? Umeshazoea. Leo mguu wa mgeni ni mimi."

Aliutazama mshale mara moja zaidi. Kisha akashuka, akamwomba mwenye duka radhi kwa kumwambia mzani wake mbovu, akatangulia yeye mwenyewe njia ya zahanati, sisi nyuma.

Ilikuwa sukari. Ilikuwa imepanda kiasi kwamba daktari alimuuliza binti mara mbili kama kweli mzee amefika kwa miguu yake. Walimlaza. Alipotoka alikuwa na dawa, masharti ya chakula, na kile kipimo cha kuchoma kidole ambacho dada yangu alikishika siku ileile na hajamwachia mtu mwingine mpaka leo. Waliniambia kwamba tungechelewa kidogo tungemkuta ameanguka juu ya injini ya mtu. Sikutaka maelezo zaidi. Nilirudi dukani nikapanga upya rafu ambayo haikuhitaji kupangwa.

Mizani alirudi gerejini akakaa kwenye benchi, hagusi spana. Pikipiki ya muuza maziwa ilikuwa bado imeegeshwa kwenye pembe. Nilimwambia naweza kumwagizia kipimo cha mshale kama cha fundi wa darajani, hakuna aibu, dunia inakwenda mbele. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Sukari haikumuuma kama ule mzani wa ng'ambo ulivyomuuma, hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Ukimpima mtu unamwahidi kitu, na yeye alikuwa ametoa ahadi nyingi kwa uzito ambao hakuwa nao tena. Nilidhani angefunga gereji. Dada yangu naye alidhani hivyo, akawa anampikia mboga zake kimya.

Kumbe alikuwa anafikiria. Asubuhi moja alimwomba mkewe amshonee mkoba wa turubai wenye mikanda ya begani, imara. Dada akashona bila kuuliza. Mizani akaliburuta lile pipa la pistoni kutoka chini ya meza, akapakia baadhi kwenye toroli, akavuka barabara, akapanda mzani akiwa amevaa mkoba mtupu mgongoni, akamwambia binti yake apakie. Binti alisema mgonjwa aliyetoka kitandani juzi habebi vyuma. Baba yake akamjibu kwamba habebi, anapima tu, akishuka kwenye kiki anauvua. Walibishana hapo juu ya mzani mpaka yeye akashinda, jambo ambalo halitokei mara nyingi siku hizi. Binti akaanza kutia pistoni mkobani, moja moja, za seremala, za baba yetu marehemu, za watu waliokwishahama mji, na mshale ukapanda nazo taratibu mpaka ukasimama kwenye themanini. Wabeba magunia walikuwa wameacha kazi wanatazama. Hakuna aliyefanya mzaha.

Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa muuza maziwa. Alikuja amenuna, akakaa mbali, juu ya tairi. Mizani aliitoa pikipiki yake kwenye pembe, akaifuta vumbi, akafunga petroli, akaweka gia huru. Akavaa mkoba. Akakunjua kiki, akapanda, na akashuka mara moja, pistoni zikigongana mgongoni.

"Ifunguliwe," alisema, kabla hajasimama sawasawa.

Kisha akauvua mkoba, akaenda kusimama mbele ya yule mtu, akamwambia amsamehe, kwamba alimpimia kwa kipimo kilichopungua bila yeye mwenyewe kujua. Sikuwahi kumsikia akimwomba mteja msamaha. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mikono hakujua aiweke wapi. Muuza maziwa aliutazama mkoba, akaunyanyua kwa mkono mmoja, akauteremsha haraka, akauliza kama nyama yote hiyo ilikuwa mwilini mwa fundi.

"Yote hiyo," Mizani alisema.

"Maziwa yameshachacha, fundi," muuza maziwa akasema. "Hebu fungua injini."

Tuliifungua siku ileile. Pistoni ilikuwa kahawia mpaka chini. Baada ya hapo aliwapigia wengine, kila aliyemkumbuka, na anakumbuka injini kuliko anavyokumbuka watu. Baadhi walirudi. Wengine walikuwa wameshafunguliwa darajani na walimwambia maneno makali kwenye simu, naye aliyasikiliza yote mpaka mwisho bila kujitetea. Rafu yangu ya ringi ilibaki tupu, nikaagiza nyingine.

Binti alipokuwa anaondoka kurudi kazini alipita dukani kuniaga. Alinikataza kumtumia habari za baba yake. Alisema nisijisumbue kumwambia anaendeleaje, wala mama asijisumbue, sisi tumeshazoea. Atakuja kuangalia mwenyewe. Nilitaka kukasirika, lakini nilikosa pa kushika. Tangu hapo kila Mizani anapotoka zahanati kupimwa uzito, dada yangu hutoa mkobani pistoni zinazolingana na nyama aliyoirudisha na kuzitupa pipani. Huzitupa kwa nguvu kidogo ili sote tusikie.

Binti alirudi likizo iliyofuata. Mizani alikuwa juu ya kiki, mkoba mgongoni, ambao sasa ulikuwa umebaki na pistoni za kujaza chini tu. Safari hii alimwona binti yake akiwa bado upande wa pili wa barabara. Akashuka, akauvua mkoba, akautundika kwenye usukani wa pikipiki. Akatoka nje juani, mbele ya wateja wote, akasimama wima, mikono kiunoni, kisha akajigeuza polepole mzunguko mzima ili aonekane kila upande. Huyu ni mtu yuleyule aliyemwambia baba yetu kwamba injini yake mbovu kabla hajapewa mke.

"Haya, mgeni," akasema. "Piga kiki."

Binti hakucheka. Aliweka begi chini. Alimtazama usoni, akamtazama shingoni, akamtazama mkanda, akapepesa macho kulitafuta lile dumu la njano, ambalo siku hizi lina petroli. Dada yangu alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilijikuta nimeshika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili, na nilimtazama naye shemeji yangu kwa nguvu zangu zote, nisione chochote, ila mtu yuleyule wa jana. Binti alichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Inabeba," alisema.

Ndipo mzee alipoinama kumpokea begi.